Bwera 2019: Mzazi Amuulize Nani?

Juni 2019 mama mmoja alivuka mpaka kwa njia ya panya kutoka Kongo, alikokwenda na jamaa zake kumuuguza babaye aliyekufa kwa Ebola. Mwanawe wa miaka 5 akatapika damu. Akampeleka Hospitali ya Kagando, wakahamishiwa Bwera, mtoto akafariki. Wiki ile ile wakafuata bibi na mdogo wake wa miaka 3. Afadhali wahudumu wa afya walianza kuchanjwa tangu Novemba 2018.

Kwetu Waislamu lililo gumu ni kuosha maiti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 unaruhusu tayammamu badala ya josho, lakini mfiwa atalikubali hilo kwa shekhe anayemjua, si kwa daktari mgeni.