Kanuni ya Kimya na Neno la Kuipiku: Shauri la Muleba, 1988–1990

Wafasiri wa lugha ya kompyuta wamekwisha kutupa "chaguo-msingi", yaani lile linaloshika pale mtumiaji asiposema neno, na "kubatilisha", yaani kuliweka chaguo hilo kando. La kwanza silipingi. La pili lina kasoro, na kasoro yenyewe huonekana wazi zaidi katika historia ya ardhi ya Wahaya kuliko katika vitabu vya kompyuta.

Katika mwaka 1945 Cory na Hartnoll walitoa kwa Kiingereza kitabu chao juu ya sheria za mila za Wahaya. Baada ya uhuru kanuni za urithi ziliandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963. Kanuni ya 20 yasema kwamba mwanamke aweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo: hiyo ataitumia, wala hawezi kuiuza. Lakini ikiwa ukoo hauna mwanamume, ataimiliki kabisa. Kanuni hii, basi, ilizaliwa na mlango wake wa kutokea.

Bibi mmoja wa Muleba aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka, asiwe na wa kumtunza, aliliuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Kesho yake jamaa wa ukoo alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Akashinda, na bibi akaamriwa kurudisha fedha. Mahakama ya Wilaya ikaigeuza hukumu, na rufani ikafika Mahakama Kuu, Mwanza, ambako Jaji James Mwalusanya aliamua mwaka 1990.

Wengi husimulia kwamba Jaji aliifuta mila. Sivyo. Aliitumia Sheria Na. 16 ya 1984, iliyowapa mahakimu uwezo wa kuzisoma sheria za zamani pamoja na marekebisho yanayohitajiwa na Katiba. Mwanamke akapata haki sawa na mwanamume ya kurithi na kuuza. Kizuizi cha wanaume nacho kikabaki, kikaenea kwa wote: ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mgeni pasipo ridhaa, mwana-ukoo aweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi bei yake.

Hapana budi kutenga vitendo viwili. Wosia wa baba ulisema juu ya shamba moja, na kanuni ikaendelea kuyashika mashamba mengine. Hukumu iligeuza kanuni yenyewe. "Kubatilisha" hakufai kwa chochote katika hivi viwili, maana kilichobatilika hakishiki tena popote. Kwa kitendo cha kwanza napendekeza "kupiku", neno la wacheza karata: karata iliyopikuliwa haitupwi nje ya mchezo. Kwa cha pili yatosha "kurekebisha".

Mashine pepe, yaani kompyuta iliyoigwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, zinahitaji tofauti hiyohiyo. QEMU, aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003, huipa mashine ya kawaida kumbukumbu ya megabaiti 128 ikiwa hakuna kiasi kilichotajwa. Anayetaja kiasi ameipiku kanuni kwa mashine yake tu. Kuirekebisha kanuni ni jambo zito zaidi: vifaa vikibadilishwa kwa wote, mashine iliyozimwa jana huamka leo na kukuta kifaa isichokijua. Kwa sababu hiyo aina za mashine zimepewa namba za toleo, kama pc-i440fx-2.0, na programu ya libvirt huandika jina kamili la toleo mara mashine inaposajiliwa, hata kama mwenyewe aliandika "pc" tu. Chaguo jipya huwashika wanaozaliwa baadaye, na wa zamani hubaki na lao.

Kwa mashine naona huo ni uamuzi wa busara. Kwa watu siuoni hivyo. Bibi wa Muleba alikuwa amekwisha kuuza tangu 1988, na kama Jaji angewaachia waliotangulia toleo lao la 1963, shilingi 300,000 zingerudi kwa mnunuzi, na yeye angebaki na shamba asiloweza kulilima wala kuliuza.