Konokono, Sumu na Wanafunzi Wawili

Mimi ni mwanafunzi wa historia kutoka Uganda, nchi isiyo na bahari. Konokono niliowajua ni wale waliokula mboga za mama usiku. Kwa hiyo nilishangaa niliposoma kwamba yupo konokono wa baharini anayewinda samaki.

Konokono huyo anaitwa Conus magus, na anapatikana Ufilipino. Gamba lake lina umbo kama la pia. Kwa kuwa hana mbio, humchoma samaki kwa jino lenye tundu, mfano wa chusa, na kumtia sumu inayompoozesha papo hapo. Ndugu yake mkubwa, Conus geographus, ambaye yupo hata pwani ya Afrika Mashariki, amewahi kuua watu.

Mfilipino Baldomero Olivera alisomea shahada ya uzamivu Marekani, kisha akarudi kwao. Huko alikosa vifaa vya kuchunguza DNA, kazi aliyoizoea. Hakukaa bure. Alichagua kuchunguza konokono waliokuwa karibu naye, ambao magamba yao aliyakusanya tangu utotoni. Baadaye aliendeleza utafiti huo katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani.

Huko ndiko walikotokea wanafunzi wawili wa shahada ya kwanza. Craig Clark alipendekeza sumu idungwe moja kwa moja kwenye ubongo wa panya. Ikaonekana kwamba sumu ile ni mchanganyiko wa vitu vingi: kimoja kiliwalaza panya, kingine kiliwatetemesha, kingine kiliwafanya wajikune. Naye Michael McIntosh, aliyeanza kazi akiwa na miaka 18, alitenga kimojawapo kutoka kwenye sumu ya Conus magus. Kitu hicho huzuia taarifa za maumivu kupita katika uti wa mgongo. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha dawa iliyotokana nacho, zikonotaidi, kwa wagonjwa wenye maumivu makali yasiyokoma.

Mara nyingi mimi hunyamaza darasani nikidhani swali langu ni la kitoto. Lakini wazo la Clark lilikuwa la kijana asiye na shahada, na mwalimu wake alikubali lijaribiwe. Kwa maoni yangu, dawa ile ilihitaji wote wawili: mwanafunzi aliyethubutu kusema na mwalimu aliyekubali kusikiliza. Mimi nitaanza na sehemu yangu.