PDF
PDF ni muundo wa faili unaohifadhi waraka jinsi ulivyopangwa, ili uonekane vilevile kwenye kompyuta au simu yoyote. Ulitolewa mwaka 1993 na kampuni ya Adobe ya Marekani, kutokana na wazo la John Warnock, mmoja wa waanzilishi wake. Tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Waraka wa programu ya Word ukifunguliwa kwenye mashine isiyo na fonti yake, fonti nyingine hushika nafasi yake: mistari husogea, jedwali hukatika, sahihi huangukia ukurasa wa pili. PDF huepuka hilo kwa kuwa huweza kubeba fonti zake ndani. Waraka asilia utunzwe hata baada ya kugeuzwa kuwa PDF, kwani kuhariri PDF ni kazi ngumu. Kumbukumbu za kuhifadhiwa miaka mingi zina muundo wake, PDF/A, unaolazimisha fonti zote ziwemo.