Fulana Nyeusi Huanza na Weupe

Rangi haiwezi kuonekana juu ya nguo nyeusi mpaka ipatiwe kwanza weupe wa kukalia. Kauli hii ni ndogo, lakini ndani yake mna historia ndefu ya nguo, ya viwanda na ya watu waliozivaa nguo hizo. Siku hizi mna pia riziki ya vijana wetu wengi. Nimeona inafaa kuiandika kwa sababu wapo wanaopoteza mtaji wao wakati hakuna aliyewaeleza jambo hili, na mtu aliyepitisha umri wake akifundisha walimu hawezi kulitazama tu likipita.

Mjukuu wangu ni mmoja wa vijana hao. Alihitimu ualimu, akasubiri ajira miaka kadhaa, kisha akaamua kuacha kusubiri. Kwa akiba yake na mchango wa ndugu alinunua printa ndogo, chupa nne za wino wa sablimesheni, karatasi zake maalumu, na mashine ya kubana kwa joto ambayo imekaa katika chumba cha nyuma kama pasi kubwa ya dobi. Kazi ya fulana nyeupe ilimwendea vizuri. Alizichapia timu za mtaani, vikundi vya akina mama na sherehe za kuhitimu. Kisha ikaja familia moja iliyotaka fulana arobaini nyeusi kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ya mzee wao, mwalimu mwenzangu, picha yake ikae kifuani. Duka lililomuuzia wino lilikuwa limemhakikishia kwamba wino ule hushika nguo yoyote. Kwa busara yake, kabla ya kupokea hata senti, alijaribu fulana moja ya polyesta nyeusi. Alipoifunua, fulana ilikuwa nyeusi vilevile.

"Babu," aliniuliza, "picha imekwenda wapi?"

Nilimwambia kwamba haikwenda popote. Imo mlemle ndani ya fulana, ila haionekani.

Ili msomaji aelewe jibu hilo, hatuna budi kuutazama wino wenyewe. Wengi wetu tumewahi kuweka kabatini vile vidonge vyeupe vya nafthalini vya kufukuzia wadudu. Baada ya miezi kadhaa vidonge hupungua, hatimaye huisha, wala kabati halikulowa. Kitu kigumu kimegeuka hewa bila kupitia hali ya maji. Hicho ndicho kitendo kinachoitwa sablimesheni. Chembe za rangi katika wino huo huchapwa kwanza kwenye karatasi, zikakauka. Karatasi inapolazwa juu ya nguo na kubanwa kwa joto la nyuzi 180 hadi 205 hivi za Selsiasi, kwa muda usiozidi sana dakika moja, chembe hugeuka mvuke. Joto hilohilo hulegeza nyuzi za polyesta, mvuke ukapenya ndani yake, na nguo inapopoa rangi hubaki imefungiwa humo. Ndiyo maana picha ya namna hiyo haibanduki, na mtu akiipapasa haisikii kidoleni. Pamba haina tabia hiyo, kwa hiyo fulana ya pamba tupu huipoteza rangi hiyo katika kufuliwa.

Ujuzi huu haukuzaliwa na kompyuta. Rangi zenyewe zilibuniwa Uingereza katika miaka ya 1920, wakati viwanda vilipotafuta namna ya kutia rangi nguo za asetati, ambazo zilikataa rangi za kawaida. Polyesta ilifuata mwaka 1941, kazi ya wanakemia wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliokuwa wakifanya kazi katika chama cha wachapaji wa vitambaa vya pamba cha Manchester. Mwaka 1957 Mfaransa Noël de Plasse alionyesha njia ya kuichapa picha kwenye karatasi kisha kuihamishia kwenye kitambaa kwa joto. Baadaye, printa za kurusha matone ya wino zilipokuwa ndogo na bei zake kushuka, kazi ya kiwandani ikaweza kufanyika mezani nyumbani.

Lakini katika safari hiyo yote hali moja haikubadilika. Rangi hiyo haifuniki, bali hupenya na kuruhusu mwanga upite. Tunauona wekundu wake kwa sababu mwanga hupita ndani yake, hugonga weupe wa nguo, kisha hurudi machoni mwetu. Nguo ikiwa nyeusi, mwanga humezwa na hakuna kinachorudi. Walimu tuna mfano wetu. Katika miaka yote ya kazi sikumwona mwalimu hata mmoja aliyejaribu kuandika ubaoni kwa kalamu ya wino. Tulitumia chaki, kwa kuwa chaki hufunika ubao na kuweka weupe wake juu ya weusi. Wino wa sablimesheni ni wa ukoo wa kalamu, si wa ukoo wa chaki. Katika chupa zile nne za mjukuu wangu hamna nyeupe. Nyeupe ya picha ni ile ya nguo yenyewe.

Sasa tuitazame historia, maana tatizo la kijana huyu lilikwisha kuwasumbua watu kabla yake. Ukichunguza jinsi wanadamu walivyopata michoro ya rangi kwenye nguo za giza, utakuta njia tatu. Ya kwanza ni kuuhifadhi weupe kabla giza halijaingia. Ya pili ni kuurudisha weupe baada ya giza kuingia. Ya tatu ni kuupachika weupe juu ya giza.

Njia ya kwanza naifahamu kwa mikono yangu. Baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, shule na vyuo vyetu vilitakiwa kuunganisha masomo na kazi, na katika chuo nilichokuja kukiongoza wanachuo walitengeneza batiki. Nta iliyeyushwa, ikachorwa kwenye kitambaa cheupe, na kila mahali ilipokaa nta rangi haikuingia. Kitambaa kilichovywa kwanza katika rangi nyepesi, kikapakwa nta tena, kikaingia katika rangi nzito zaidi, na nyeusi au buluu iliyokolea ikawa ya mwisho. Wanajava wameifikisha sanaa hiyo mbali, na Wayoruba wa Abeokuta hufanya jambo lililo karibu na hilo kwa uji wa muhogo na rangi ya nili. Katika njia hii giza huja mwisho. Mwenye kuletewa fulana ambayo tayari ni nyeusi amechelewa, kwa kuwa hana tena weupe wa kuhifadhi.

Hapa pwani yetu mafunzo hayo yameandikwa katika nguo za mama zetu. Tangu mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa, na watu wakakiita merikani kwa jina la kwao. Pamoja nacho palikuwapo kaniki, nguo ya buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Aghalabu kaniki ilivaliwa na wanawake watumwa na maskini. Ilikuwa nguo ya kazi na ya hali ya chini, na aliyeivaa alitambulika kwa mbali.

Utumwa ulipoondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakashika kanga. Hawakujaribu kuipamba ile kaniki. Waliiweka kando, wakachukua nguo iliyoanza ikiwa nyeupe, ambayo ua, korosho na, kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, maneno yangeweza kuonekana juu yake. Hata kisutu, kanga ya harusi yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, huanza na kitambaa cheupe. Weusi wake umechapwa, na weupe wake ni ule uliobakizwa. Kwa wanawake wale rangi haikuwa urembo mtupu. Ilikuwa ushahidi kwamba mtu si mali ya mtu tena, ndiyo maana waliitafuta hata ilipowagharimu fedha za jasho.

Njia ya pili, yaani kuurudisha weupe, ilisubiri elimu ya kemia. Mwaka 1785 Mfaransa Berthollet alionyesha kwamba klorini hupausha nguo, na mwaka 1799 Charles Tennant wa Glasgow akapata hataza ya unga wa kupaushia. Katika mji huohuo kiwanda cha Henry Monteith kikawa mashuhuri kwa leso nyekundu zenye madoa meupe. Vitambaa vilivyokwisha kutiwa wekundu wa Kituruki vilipangwa katikati ya mabamba ya madini ya risasi yenye matundu, vikabanwa kwa nguvu kubwa, kisha maji ya kupaushia yakapitishwa katika matundu yale. Palipopita maji, wekundu ulitoka. Neno leso lenyewe sisi tulilipata kwa Wareno, na husimuliwa kwamba kanga ilianza pale wanawake wa pwani walipoziunga leso kadhaa kuwa nguo moja.

Vijana wa leo wameifufua njia hii majumbani. Huchukua fulana ya giza iliyochanganywa pamba na polyesta, wakainyunyizia dawa ya kupaushia sehemu ya kifuani, wakaisuuza sana, wakaikausha kabisa, ndipo wakachapa. Dawa hutoa rangi ya pamba, na polyesta iliyobaki huupokea wino. Matokeo ni picha iliyofifia kama ya zamani, na wapo wanaoipenda hivyo. Lakini njia hii ina masharti. Fulana ya polyesta tupu kwa kawaida haipauki kwa dawa hiyo, na ya pamba tupu itapauka lakini haitaushika wino. Kazi ifanyike penye hewa, dawa isichanganywe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, na nguo isiingie kwenye joto kabla ya kusuuzwa ikatakata.

Njia ya tatu ni ile ya chaki. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1910 viwanda vya Norway na Marekani vilianza kutengeneza kwa wingi rangi nyeupe ya titani, ambayo hufunika kuliko nyeupe nyingi zilizoitangulia. Wachapaji wa skrini huitanguliza rangi ya namna hiyo juu ya fulana nyeusi, kisha rangi nyingine zikakaa juu yake. Kwa mwenye wino wa sablimesheni kuna karatasi laini ya plastiki, nyeupe, iliyotengenezwa ili iupokee wino huo. Huikata kwa umbo la picha, akaibandika kwenye fulana nyeusi kwa joto, akafuata maelezo ya mtengenezaji, kwa kuwa kila aina ina joto lake. Picha huwa angavu. Lakini sasa haimo ndani ya nguo. Imekaa juu yake, husikika kidoleni, haipitishi hewa vizuri, na kwa kufuliwa na kupigwa pasi ovyo inaweza kupasuka au kubanduka.

Mjukuu wangu aliieleza familia ile njia zote, pamoja na bei na udhaifu wa kila moja. Wengine wangeona ni kujiharibia biashara. Baada ya kushauriana, walichagua kitu ambacho hata mimi sikukifikiria. Picha zilichapwa kwenye vipande vyeupe vya polyesta, fundi cherehani wa jirani akavikunja pindo na kuvishona kifuani mwa fulana nyeusi za pamba. Kazi iligawanyika, na riziki ikagawanyika pia. Kiraka kile ni njia ya tatu katika sura yake kongwe, sindano na uzi vikifanya kazi ya gundi.

Ninalotaka kulisisitiza kwa wasomaji, hasa walimu wenzangu, ni hili. Kijana aliyeuziwa wino kwa maneno ya dukani hakupungukiwa akili wala bidii. Alipungukiwa maelezo matatu: kwamba rangi hii huishi ndani ya polyesta tu, kwamba haifuniki, na kwamba kwa hiyo kila fulana nyeusi inadai weupe kutoka mahali fulani. Mambo hayo yangeweza kufundishwa kwa kipindi kimoja, kwa kidonge cha nafthalini, kipande cha chaki na kanga ya mama wa mwanafunzi yeyote. Kemia, historia na maarifa ya nyumbani yangekutana hapo bila gharama kubwa.

Na kwa vijana wenyewe nasema hivi: kabla ya kununua mashine, jaribuni. Chukueni kitambaa mnachokusudia kuchapa, someni lebo yake mjue pamba ni kiasi gani na polyesta ni kiasi gani, na fueni sampuli mara kadhaa kabla ya kuiuza ya kwanza. Mteja akitaka picha kwenye nguo nyeusi, mwelezeni weupe utatoka wapi na utadumu vipi. Mtu anayetoa fedha yake kwa ajili ya sura ya marehemu wake anastahili kuambiwa, kabla ya kulipa, sura hiyo itakaa kifuani kwa muda gani.