Namna ya Kuunganisha Vifaa vya Sauti vya Mtandao Vinavyotumia Mifumo Tofauti

Na Mwandishi Wetu

Kumbi za mikutano, vituo vya redio na nyumba za ibada zinazidi kuachana na mafungu ya nyaya za analogia na kusafirisha sauti kwa njia ya mtandao wa kompyuta. Waya mmoja wa mtandao huweza kubeba sauti za maikrofoni nyingi kwa wakati mmoja. Hata hivyo, taasisi inaponunua vifaa vipya kutoka kwa mtengenezaji mwingine, huweza kutokea kwamba vifaa vyote vimeunganishwa kwenye swichi moja na taa zake zinawaka, lakini sauti haisikiki. Makala haya yanaeleza chanzo cha hali hiyo na hatua za kuirekebisha, kabla taasisi haijafikia uamuzi wa gharama kubwa wa kununua vifaa vyote upya.

Chimbuko la tatizo

Kwa miaka mingi kila mtengenezaji alibuni mfumo wake. Livewire ya Marekani ilianza mwaka 2003 kwa ajili ya studio za redio. Baadaye ilikuja Dante ya kampuni ya Audinate ya Australia, na mwaka 2010 kampuni ya ALC NetworX ya Ujerumani ikatambulisha RAVENNA. Mifumo hiyo yote hutumia itifaki ya intaneti, lakini haikuweza kupokezana sauti moja kwa moja.

Mwezi Septemba 2013, Chama cha Wahandisi wa Sauti (AES) kilichapisha kiwango cha AES67 ili kuziba pengo hilo. Kiwango hicho hakikuja kuondoa mifumo iliyopo. Mfano wake ni lugha ya sokoni: kila mfanyabiashara hubaki na lugha ya kwao nyumbani, lakini bei hupatanwa kwa lugha inayofahamika na wote. Mwaka 2017 AES67 ikawa msingi wa sehemu ya sauti ya viwango vya ST 2110, vinavyotumika katika utangazaji wa televisheni.

Hatua ya kwanza: kuwasha AES67

Katika vifaa vingi vya Dante, AES67 huwa imezimwa kifaa kinapotoka kiwandani. Fundi anapaswa kufungua programu ya Dante Controller, kuchagua kifaa husika, kuwasha AES67 kisha kukizima na kukiwasha kifaa upya. Ni vyema kuhakikisha mapema kwamba modeli husika inakubali AES67, kwa kuwa si vifaa vyote vya Dante vyenye uwezo huo.

Hatua ya pili: kulandanisha saa

Hapa ndipo penye chanzo cha hitilafu nyingi. Vifaa vya sauti vya mtandao havina budi kufuata saa moja, vinginevyo sauti hukatika au hutoa milio ya kupasuka. Saa hiyo husambazwa kwa itifaki ya PTP, ambayo ina toleo la kwanza la mwaka 2002 na toleo la pili la mwaka 2008. Matoleo hayo hayaelewani. Dante kwa asili yake hutumia toleo la kwanza, ilhali AES67 hutumia la pili. Kifaa cha Dante kilichowashwa AES67 hushiriki katika matoleo yote mawili na kuwa daraja kati ya pande hizo.

Aidha, namba ya kikoa cha saa iwe moja kwa vifaa vyote. AES67 kwa kawaida hutumia kikoa 0, wakati mitambo ya ST 2110 huanza na kikoa 127. Tofauti hiyo ya namba pekee inatosha kuzuia sauti.

Hatua ya tatu: kuoanisha muundo wa sauti

Mpangilio ulio salama zaidi ni sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, na pakiti zenye urefu wa milisekunde 1. Mkondo mmoja usizidi chaneli 8. Kwa mpangilio huo kila chaneli hutumia takriban megabiti 1.15 kwa sekunde, bila kuhesabu vichwa vya pakiti.

Vifaa vya Dante hutuma mikondo ya AES67 kwa njia ya multikasti, yaani kwa vifaa vingi kwa pamoja, na anwani zake huanza na 239.69 isipokuwa zikibadilishwa. Mkondo unaotoka upande wa pili nao upewe anwani yenye mwanzo huo huo, na mlango namba 5004.

Hatua ya nne: kutambuana

AES67 haikulazimisha njia moja ya vifaa kutangaza mikondo yao. Dante husikiliza matangazo ya itifaki ya SAP, ilhali RAVENNA ina utaratibu wake. Kwa sababu hiyo, mkondo unaweza kuwapo mtandaoni bila kuonekana kwenye orodha. Programu ya RAV2SAP, iliyotolewa na ALC NetworX, hutafsiri matangazo kati ya pande hizo mbili.

Hatua ya tano: kuandaa swichi

Swichi ziwe za aina inayoweza kupangwa. Itifaki ya IGMP iwashwe na swichi moja iteuliwe kuwa muulizaji, ili multikasti isifurike kwenye kila tundu. Kipengele cha kuokoa umeme kwenye matundu ya mtandao kizimwe, kwa kuwa huvuruga saa.

Alama za kipaumbele nazo zikaguliwe. Dante huipa sauti alama 46, ilhali AES67 hutumia alama hiyo hiyo kwa saa na kuipa sauti alama 34. Swichi iliyopangwa kwa ajili ya Dante pekee huweza kuiacha sauti ya AES67 bila kipaumbele chochote.

Wakati wa kununua

Taasisi zinashauriwa kutaja kiwango badala ya jina la kampuni katika nyaraka za zabuni, na kumtaka mzabuni aoneshe kwa vitendo sauti ikitoka kwenye kifaa chake na kupokelewa na mitambo iliyopo ukumbini. Baada ya ufungaji, orodha ya anwani, kikoa cha saa na mipangilio ya swichi ihifadhiwe kwa maandishi, ili fundi atakayefuata asianze upya.

Mwananchi aliyehudhuria mkutano halazimiki kufahamu itifaki hizi. Anachostahili ni kusikia kinachosemwa na kusikika anapouliza, na jambo hilo hutegemea kazi iliyofanyika kabla milango ya ukumbi haijafunguliwa.