Nani alipie habari? Mvutano uliowakuta wahami barabarani

Tarehe 16 Agosti 2023, wakaaji wa mji wa Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, watu karibu elfu 20, waliamriwa kuhama kwa sababu moto wa pori ulikuwa unakaribia. Familia zilishika simu kutafuta habari za njia na za moto. Lakini kwenye Facebook, habari za Cabin Radio, chombo cha mji huo, zilikuwa zimefungwa. Watu walipiga picha za maandishi wakatumiana.

Chanzo ni ugomvi wa pesa wa miaka mingi. Zamani magazeti yaliishi kwa matangazo ya biashara. Intaneti ilipoenea, sehemu kubwa ya matangazo hayo ilihamia Google na Facebook. Magazeti mengi yalifunga na waandishi wakapoteza kazi. Wenye magazeti walisema: mnapata faida kwa jasho letu, mtulipe. Makampuni yakajibu: sisi ndio tunawaletea wasomaji.

Mwaka 2014 Uhispania ilitunga sheria ya malipo. Google ikafunga huduma yake ya Google News nchini humo mpaka 2022.

Kisha ikaja Australia. Sheria yake ilitaka pande mbili zijadiliane. Zikishindwa, mwamuzi achague pendekezo la upande mmoja. Februari 2021 Facebook ilizima habari zote nchini humo, hata kurasa za idara ya hali ya hewa. Siku chache baadaye serikali ililegeza masharti, Facebook ikakubali kufungua, na tarehe 25 bunge likapitisha sheria. Mikataba ilitiwa sahihi. Lakini Machi 2024 Meta, yenye Facebook, ilitangaza kwamba haitaifanya upya.

Kanada ilifuata nyayo hizo tarehe 22 Juni 2023. Google ilikubali kutoa dola za Kanada milioni 100 kila mwaka. Meta ilikataa, na kuanzia Agosti ikaondoa habari kwenye Facebook na Instagram. Wiki mbili baadaye Yellowknife ikahama.

Wakaaji walirudi Septemba. Moto haukuuteketeza mji, lakini habari zilibaki zimefungwa. Sheria iliweza kupanga malipo kwa atakayebeba habari. Haikuweza kumlazimisha azibebe. Waliojua kufungua tovuti ya Cabin Radio moja kwa moja, au kuwasha redio, walipata habari bila kupitia Facebook.