Adrenalini: jina la figo, hesabu ya elfu

Kichupa chenyewe hakizidi kidole kwa urefu: kioo cha kahawia, shingo ya kuvunjwa, ndani mililita moja tu ya dawa. Kimoja kimeandikwa adrenalini, kingine epinefrini, na muuguzi mgeni anaweza kudhani ni dawa mbili. Ni ileile. Hata majina yanasema jambo moja: la Kilatini ni "karibu na figo", la Kigiriki "juu ya figo", maana homoni hii hutoka kwenye tezi mbili zilizokalia figo kama kofia.

Jina la Kigiriki lilitungwa na John Jacob Abel wa Baltimore. Mjapani Jokichi Takamine alipotangaza, mwaka 1901, kuwa ameipata homoni hiyo ikiwa safi, kampuni ya Parke-Davis ilisajili "Adrenalin" kuwa nembo yake ya biashara. Wamarekani wakabaki na epinefrini, Waingereza wakashika adrenalini. Hospitali za Kenya na Tanzania zilirithi msamiati wa Waingereza, na sioni sababu ya kuhama.

Mtu mwenye mzio akichomwa penisilini, mishipa hulegea, presha ikaporomoka, koo likavimba, pumzi ikabana. Adrenalini hushika vipokezi vya alfa, mishipa ikakaza. Hushika vya beta, moyo ukapiga kwa nguvu na njia za hewa zikafunguka. (Kipokezi ni neno zuri: hata asiyesoma famasia anajua kupokea.) Mtu mzima huchomwa miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Moyo ukisimama ni miligramu 1 mshipani, kila dakika 3 hadi 5. Daktari wa meno naye huitia kidogo sana kwenye ganzi: fizi hupauka, kwa kuwa damu imepungua pale, na ganzi haichukuliwi upesi.

Kinachonitia hofu ni hesabu. 1:1,000 ni gramu moja katika mililita elfu, yaani miligramu 1 kwa kila mililita; 1:10,000 ni hafifu mara kumi. Kwa Kiswahili hizo ni "moja kwa elfu" na "moja kwa elfu kumi". Chumba kikiwa na kelele, "kumi" ikamezwa, sirinji ileile inabeba dawa mara kumi. Marekani iliuondoa uwiano huo kwenye lebo za vichupa hivi mwaka 2016. Sisi tungeanza na ulimi: "Adrenalini, nusu miligramu, pajani."